Revolver Mikononi mwa Giles Martin

Vaa hedifoni, tafuta Taxman, wimbo wa kwanza wa albamu ya Revolver ya The Beatles, katika stereo ile ya mwaka 1966. Kisha ondoa upande wa kushoto. Bendi imetoweka. Dramu za Ringo Starr, besi ya Paul McCartney na gitaa la rizimu vyote vimerundikwa upande huo ulioutoa. Kulia umebaki na tari na kengele, na sauti ya George Harrison iko katikati, inalalamikia kodi za serikali bila bendi ya kumsindikiza. Ndivyo stereo ya wimbo huu ilivyouzwa kwa zaidi ya miaka 50, na sisi tunaoupenda tulikwisha kuuzoea hivyo. Wengine wetu tuliufanya hata kuwa mchezo: unazima upande mmoja, unajifunza besi ya McCartney noti kwa noti.

Tarehe 28 Oktoba 2022 ilitoka Revolver iliyomiksiwa upya. Aliyeifanya ni Giles Martin, mtoto wa George Martin aliyekuwa prodyuza wa albamu yenyewe, akishirikiana na fundi mitambo Sam Okell. Hakuna aliyeitwa kuimba tena, wala kupiga gitaa tena. Sauti zote zilizomo zilirekodiwa kati ya Aprili na Juni 1966 katika studio za EMI pale Abbey Road, London. Kilichobadilika ni mahali zilipokaa, uzito wake, na nafasi iliyoachwa kati ya moja na nyingine. Nimekuwa nikizilinganisha kwa utulivu, wimbo mmoja mmoja: mono ya zamani, stereo ya zamani, kisha hii mpya. Kadiri ninavyozilinganisha ndivyo ninavyozidi kumheshimu Giles Martin, na zaidi kwa yale aliyoamua kutoyagusa.

Maana shabiki wa muziki wa zamani ana sababu ya kuogopa kazi za namna hii. Santuri nyingi nzuri zimerudishwa madukani zikiwa zimepandishwa sauti kupita kiasi. Palipokuwa na mnong'ono sasa pana makelele, ala zote zimesukumwa mbele kana kwamba kila moja inagombea mlango, na juu ya jalada pameandikwa kwamba hii ni bora kuliko ile. Wimbo wa kwanza unashangilia. Ukifika wa nne, masikio yamechoka na hujui kwa nini.

Ili kuelewa alichokabiliana nacho Giles Martin, lazima kwanza tuutazame utepe wenyewe. Mashine ya kurekodia ilikuwa Studer J37, mtambo mkubwa wa Kiswisi unaotumia utepe wa upana wa inchi moja, uliogawanywa traki nne zinazokwenda sambamba. Traki nne ni chache sana. Dramu, besi, magitaa mawili, mwimbaji na waitikiaji wamekwisha kuzijaza kabla tari halijatoka mfukoni. Mafundi wa wakati ule walijinusuru kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuweka ala kadhaa katika traki moja tangu mwanzo: watu watatu wanapiga kwa pamoja, sauti zao zinachanganywa palepale na kuingia traki ya kwanza, basi. Ya pili ni kujaza traki zote nne, kisha kuzipiga kwenda mashine nyingine huku zikichanganywa ziwe moja au mbili, ili katika utepe wa pili zipatikane traki tupu za kuendelea. Kila unapohamisha hivyo, mvumo wa utepe unaongezeka kidogo na ung'avu unapungua kidogo.

Namna zote mbili zina sharti moja: uamuzi ukishafanyika hauna kurudi. Ukigundua wiki ijayo kwamba gitaa lilikuwa juu mno kuliko besi, umechelewa. Kwa hiyo fundi wa 1966 alilazimika kuusikia wimbo uliokamilika kichwani mwake wakati hata nusu yake haijarekodiwa. Aliyeketi kwenye kiti hicho alikuwa Geoff Emerick, kijana wa miaka 20, na kazi yake ya kwanza kama fundi mkuu wa The Beatles ilikuwa kikao cha tarehe 6 Aprili, siku ya kwanza ya albamu hii. Alisogeza maikrofoni karibu na dramu kuliko kanuni za EMI zilivyoruhusu. Ndani ya dramu la mguu alisokomeza sweta ya sufu ili mlio uwe mfupi na mzito. Kisha akaupitisha mlio huo kwenye kifaa cha kuminya sauti cha Fairchild, mpaka kila pigo likawa linavuta pumzi kabla ya lijalo. Ukisikia dramu za Revolver leo ukazitambua kwa sekunde mbili tu, unayemtambua ni Ringo na Emerick kwa pamoja.

Mono ndiyo iliyopewa muda. Nyumba nyingi zilikuwa na spika moja, redio ilikuwa na spika moja, na miksi iliyobishaniwa na wanamuziki wenyewe ilikuwa ya mono. Stereo ilifuata baadaye, kwa haraka, mara nyingi wao wakiwa hawapo. Kwa traki nne na meza ya mitambo ya wakati ule, kwa kawaida traki ilipelekwa kushoto, au kulia, au ikaachwa katikati. Traki yenye dramu, besi na gitaa ikapelekwa kushoto, ikaishia huko. Hakuna aliyekusudia kutufundisha besi ya McCartney.

Sasa tumwangalie Giles Martin kazini, na tuanze na wimbo uliokuwa na nafuu, Eleanor Rigby.

Tarehe 28 Aprili 1966 waliingia studio wapigaji wanane wa ala za nyuzi: fidla nne, viola mbili na cello mbili. George Martin ndiye aliyewaandikia. Emerick aliweka maikrofoni karibu mno na nyuzi, na amesimulia mwenyewe jinsi wapigaji walivyokuwa wakisogeza viti nyuma kidogo kidogo kila alipowapa kisogo. Wanane hao walijaza traki zote nne, ala mbili kwa kila traki. Kisha traki zile zikachanganywa na kuhamishiwa traki moja ya utepe wa pili, ili McCartney apate pa kuimbia. Ndiyo sababu katika stereo ya zamani watu wanane wanasikika wakipigia mahali pamoja, wamebanana, huku mwimbaji akiwa amesukumwa sikio la kulia. Kuna kasoro pia ambayo mashabiki wanaijua kwa moyo: ubeti wa kwanza unapoanza, mtambo wa kuifanya sauti iwe mbili umesahauliwa wazi kwa nusu ya neno, kisha unazimwa ghafla.

Mtambo huo unastahili maelezo, kwa sababu umejaa katika albamu nzima. John Lennon alichoka kuimba kila wimbo mara mbili ili sauti yake inenepe. Ken Townsend, fundi wa EMI, akatengeneza njia ya kuipeleka sauti iliyokwisha kurekodiwa kwenye mashine ya pili, ambayo mwendo wake uliweza kuongezwa au kupunguzwa kwa mkono, na kuirudisha ikiwa imepishana na ya kwanza kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Sikio linasikia watu wawili. Lennon alifurahi sana, na Revolver ndiyo albamu yao ya kwanza iliyotumia mbinu hiyo, ambayo baadaye ilienea katika studio nyingi.

Turudi kwenye Eleanor Rigby: hapa dawa ilikuwa stoo. Utepe wa kwanza, ule wenye wapigaji wanane katika traki nne, bado upo. Unaupiga mara moja kuingia kwenye kompyuta, unaupiga na wa pili wenye sauti ya McCartney, kisha unazioanisha. Kwa maneno ni jambo dogo. Kwa vitendo ni kazi ya kuumiza mgongo, kwa sababu hakuna mashine mbili za utepe zinazozunguka kwa mwendo uleule hasa. Nyuzi za utepe wa kwanza na nyuzi zilezile katika utepe wa pili zinaanza pamoja, na baada ya muda zimeachana. Fundi anasogeza, anasikiliza, anasogeza tena, mpaka kila mkwaruzo wa upinde unakaa palepale ulipokaa mwaka 1966 chini ya neno lilelile. Njia hiyo si mpya. Ilikwisha kutumika mwaka 1999 wimbo huu ulipomiksiwa kwa ajili ya albamu ya Yellow Submarine Songtrack, na Giles Martin mwenyewe aliitegemea sana alipomiksi upya albamu ya Sgt. Pepper mwaka 2017.

Matokeo yake ni kwamba wapigaji wameachana na kila mmoja amepata kiti chake. Cello zinasikika zikiuma chini, fidla zinakatakata juu, na McCartney ameketi katikati yao. Kitu kilichonikamata mimi ni upinde. Zamani nyuzi hizo zilinijia kama mdundo tu. Sasa nasikia nywele za upinde zikigusa waya kabla ya noti yenyewe kutoka, na naelewa ni kwa nini wale wapigaji walisogeza viti.

Lakini nyimbo nyingi za Revolver hazikuwa na nafuu hiyo, na ndiyo maana albamu hii ilingojea. Giles Martin alifanya Sgt. Pepper, akafanya ile yenye jalada jeupe mwaka 2018, Abbey Road mwaka 2019 na Let It Be mwaka 2021, ndipo akairudia hii iliyotangulia zote. Katika Taxman hakuna utepe wa nyuma wa kurudia. Dramu, besi na gitaa viliingia traki moja siku ileile, vikayeyuka humo kama chumvi kwenye mchuzi. Ungeweza kuongeza uzito wa besi, lakini dramu la mguu lingepanda nalo. Ungeweza kung'arisha gitaa, na visahani vya dramu vingekutoboa masikio.

Msaada ulitoka New Zealand. Peter Jackson alipokuwa akitengeneza filamu ya Get Back, iliyoonyeshwa mwaka 2021, alikuwa na saa nyingi za mazungumzo ya The Beatles yaliyorekodiwa Januari 1969 kwa mashine ya mono ya wapigapicha. Amesimulia kwamba Lennon na Harrison walipotaka kusema jambo la siri walikuwa wakipiga magitaa kwa nguvu makusudi, ili maikrofoni isinase maneno. Wataalamu wake, wakiongozwa na Emile de la Rey, waliunda programu ya kompyuta ya kuondoa gitaa na kuacha maneno. Waliiita MAL, na ndani ya jina hilo yumo Mal Evans, msaidizi wa bendi aliyewabebea vyombo miaka yote. Programu ya aina hiyo hufunzwa kwa kusikilizishwa: hili ni gitaa peke yake, hili ni dramu peke yake, hii ni sauti ya mtu. Ikishajua tabia ya kila kimoja, unaipa mchanganyiko nayo inakadiria, punje kwa punje ya wakati, ni sehemu gani ya mlio ni ya nani.

Kwa hiyo traki moja ya Taxman iliingia ikatoka tatu: dramu, besi, gitaa.

Watu wengi wakifika hapa husema basi, kompyuta imefanya kazi. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza. Mashine haitenganishi kwa usafi kamili. Kisahani cha dramu kikilia pamoja na gitaa, kuna punje zinazopelekwa kusiko kwao, na ukisikiliza kila sehemu peke yake utasikia masalia: mlio wa majimaji, mkia wa noti uliokatika, kivuli cha besi ndani ya dramu. Ajabu ni kwamba ukizirudisha sehemu zote pamoja kwa kiwango kilekile, kasoro zinazibana na kutoweka, kwa sababu kilichopotea hapa kimo pale. Ukianza kuzitawanya, moja kushoto kabisa, moja kulia kabisa, moja umeipandisha mara mbili, kasoro zinatoka nje. Hapo ndipo fundi anapopimwa. Ana uwezo wa kutawanya apendavyo, na anayemwajiri angefurahi kusikia tofauti kubwa, yenye kuuzika. Lakini kila hatua anayokwenda analipa.

Sikiliza sasa Taxman ya 2022. Besi na dramu vimerudi katikati, mahali pake, na vina uzito wa bendi iliyosimama mbele yako. Gitaa limepata pembe yake, lina makali, halikusukumwa mbali. Tari na kengele bado ziko upande uleule wa kulia ulioufahamu. Na mwanzo kabisa, kabla ya wimbo, ile hesabu ya kuanzia yenye sauti ya kuchoka imebaki, na kikohozi kilichomo kimebaki. Studio ya leo ingekifuta kikohozi hicho kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kimeachwa, maana bila hicho kikohozi wimbo huu hauanzi.

Uangalifu uleule unaonekana katika I'm Only Sleeping. Usiku wa tarehe 5 Mei 1966 Harrison alikaa studio hadi saa za usiku wa manane akirekodi gitaa la kwenda kinyumenyume. Jambo hilo lingeweza kufanywa kwa bahati nasibu: geuza utepe, piga chochote, ugeuze tena, ushangae kilichotoka. Yeye alitunga kwanza mstari anaoutaka usikike, akaupanga noti ya mwisho iwe ya kwanza, akaupiga hivyo huku wimbo wenyewe ukipita masikioni mwake kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kisha akaurudia kwa gitaa la pili. Utepe ulipogeuzwa, noti zikawa zinavimba kutoka kimyani na kukatika ghafla, kama ilivyo pumzi ya mtu aliyelala. Juu ya hapo, mwendo wa mashine ulichezewa, kwa hiyo sauti ya Lennon haiko kwenye kimo chake cha kawaida. Mtu mwenye kompyuta ya leo anavutwa kunyoosha mambo hayo. Giles Martin hakunyoosha kitu. Wimbo umekuwa na nafasi zaidi, ule mwayo katikati unasikika uko chumba gani, lakini usingizi ni uleule.

Na pale alipotaka kutuonyesha upande wa pili wa kazi, aliuweka pembeni. Katika boksi kubwa la 2022 kuna santuri za mazoezi na majaribio, na mojawapo ni Rain katika mwendo halisi iliopigwa. Wimbo huo haumo katika Revolver, ulirekodiwa siku zilezile na kutoka nyuma ya Paperback Writer. Bendi iliupiga kwa kasi, kisha utepe ukapunguzwa mwendo, na ndiyo sababu dramu zake ni nzito ajabu. Kuusikia kwa kasi yake ya kweli ni kumwona Ringo akitoka jasho. Boksi hilohilo lina mono ya 1966 nzima, bila kuguswa. Ninampa heshima fundi anayekuuzia kazi yake na kukuwekea kando kipimo cha kumpimia.

Mwisho wa albamu upo wimbo uliorekodiwa kwanza, Tomorrow Never Knows. Hapa palihitajika busara kuliko ufundi. Tarehe 7 Aprili 1966 vilitumika vitanzi vya utepe, vipande vifupi vilivyogundishwa ncha kwa ncha vikawa vinazunguka bila kikomo, vingi vikiwa vimetoka nyumbani kwa McCartney. Mashine zilitafutwa katika jengo zima la EMI, na wafanyakazi wakasimama wakivishikilia vitanzi kwa penseli ili visilegee. Milio yote ikaletwa kwenye meza moja, na mikono kadhaa ikawa inapandisha huu na kushusha ule wakati wimbo unapita. Kilichotoka kikarekodiwa. Hakuna aliyeweza kukirudia, hata kesho yake. Mikono ile ni ala ya muziki kama zilivyo dramu. Ukianza kuvitenganisha vitanzi na kuvipangia upya zamu, umemwondoa mpigaji.

Giles Martin hakumwondoa. Ameongeza kina cha dramu na kuipa sauti ya Lennon mwanga kidogo, hasa ile nusu ya pili ambapo imepitishwa kwenye spika inayozunguka ya kinanda cha Hammond. Hata hivyo hapa sikubaliani naye kabisa. Katika mono wimbo huu unakuja kwa pamoja, kama ukuta, na hakuna pa kupitia. Katika stereo mpya kuna nafasi, na nafasi inanipa nafuu ambayo sikuiomba. Nina malalamiko mengine madogo. Besi mpya ni nene mno kwa spika ndogo, na mwisho wa Got to Get You into My Life bado naupenda katika mono, ambako wimbo unachelewa kufifia na McCartney anapata muda zaidi wa kupiga kelele. Lakini haya ni malalamiko ya mtu aliyehudumiwa vizuri.

Nyimbo zilizonyamaza ndizo zilizofaidi zaidi. Katika Here, There and Everywhere naweza sasa kuwafuata waitikiaji mmoja mmoja bila kulivunja pazia lao. Katika For No One pembe la Alan Civil linaingia kutoka mbali kidogo, na unasikia hewa kabla ya noti. Tabla ya Anil Bhagwat katika Love You To imepata ngozi: kila kidole kina pigo lake. Katika nyimbo hizi ukimuuliza msikilizaji wa kawaida kama kuna kilichobadilishwa atakuambia hapana, ila leo umeweka spika nzuri. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa kazi hii.

Nikimaliza kusikiliza huwa nawaza tepe zetu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa miaka mingi: NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Jamhuri Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park. Bendi iliingia studio, ikapanga maikrofoni, ikapiga wimbo mzima kwa mkupuo. Mwimbaji, waitikiaji, solo, rizimu, besi, tumba na tarumbeta vyote viliingia pamoja, na fundi mitambo aliyeketi nyuma ya kioo alifanya maamuzi yake papo hapo kama Emerick, bila utepe wa pili wa kukimbilia. Tepe hizo ni Taxman tupu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Mpaka juzi hapakuwa na la kufanya zaidi ya kuzisafisha vumbi. Sasa besi iliyozama chini ya tarumbeta inaweza kuinuliwa. Uwezekano huo unanifurahisha na kunitia hofu kwa pamoja, kwa sababu programu za kutenganisha sauti zimekuwa rahisi kupatikana, na subira haijawa rahisi kupatikana kwa kiwango hicho. Anayetaka kuigusa kazi ya Mbaraka aanze kwa kunakili utepe wenyewe kama ulivyo, auhifadhi, aweke nakala hiyo hadharani kando ya kazi yake, kisha ndipo afungue kompyuta. Na solo la Mbaraka asilisogeze mbali na mahali fundi wa zamu alipoliweka, isipokuwa ana sababu anayoweza kuitetea mbele ya mtu aliyekuwa ukumbini.

Kwa anayeuliza anunue ipi: kama hujawahi kuisikia Revolver, anza na ya 2022, hutakosea. Kama unaijua tangu kaseti, itafute mono, isikilize yote dakika zake 35, halafu uje kwenye hii mpya kwa ajili ya Taxman, Eleanor Rigby na Here, There and Everywhere. Tomorrow Never Knows ibaki mono. Stereo ya 1966 usiitupe. Kwa anayejifunza besi, hadi leo hakuna mwalimu bora.